Rangi ya Daikroiki Ikipotelea Tanurini, Anza na Utando

Kioo cha daikroiki, kinachounganishwa na vioo vingine kwa moto wa tanuri kutengeneza mapambo, hakijatiwa rangi ndani kama kioo chekundu au cha buluu. Rangi yake yote imo kwenye utando uliopakwa upande mmoja tu: matabaka ya oksidi, kama za titani na silika, ambayo kwa pamoja hayafiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Sehemu ya mwanga huakisiwa, sehemu hupenya, ndiyo maana kipande kikitazamwa juu ya meza huwa na rangi moja na kikiinuliwa dirishani huwa na nyingine. Basi rangi ikipotea, swali la kwanza ni utando ulikuwa umeelekea wapi.

Upande wenye utando unajulikana kwa ncha ya penseli. Igusishe kwenye kioo. Ncha na taswira yake kiooni zikigusana, hapo ndipo utando ulipo. Ukiona mwanya wa unene wa kioo kati yao, uko upande wa pili. Kata kwenye upande usio na utando, na ukiosha tumia maji na kitambaa laini, bila unga wa kusugulia.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kulaza utando chini, ukagusana na karatasi ya tanuri au unga wa kuzuia kunata. Moto ukikolea, uso unashika unga na kutoka umefubaa, na hakuna kuosha kutakakourudisha. Ukiachwa juu bila kifuniko haupotei, ila unageuka: kioo cha chini kinalainika na kutembea, utando haunyumbuki, kwa hiyo unapasuka nyufa ndogondogo na kupata uso mkavu wa kimetali. Kwa hereni sura hiyo inapendeza sana. Ukitaka mng'ao wenye kina, funika kwa kioo angavu cha milimita 2 au 3, kikubwa kuliko daikroiki kwa milimita 2 hivi kila upande ili kizibe kingo. Vioo vyote viwe vya mtanuko mmoja, yaani namba inayoonyesha kioo hutanuka kiasi gani kikipata joto: 90 na 90 au 96 na 96. Nyuso mbili zenye utando usizilaze uso kwa uso, kwa sababu hazishikani vizuri.

Kuna rangi inayodhaniwa imeungua kumbe imekosa giza nyuma yake. Daikroiki ya kioo angavu ikiwekwa juu ya kioo cheupe, mwanga uliopenya unarudi na kuififisha ile iliyoakisiwa. Iweke juu ya kioo cheusi uone inavyowaka.

Kwa kioo cha kampuni ya Bullseye, chenye mtanuko wa 90, kazi ya milimita 6 ichomwe hivi: panda nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa hadi 677, kaa dakika 30 hewa itoke, panda 330 kwa saa hadi 804, kaa dakika 10, shuka haraka hadi 482, kaa saa 1, kisha shuka 80 kwa saa hadi 370, uzime. Usifungue mpaka kipoe kabisa. Moto mkali zaidi au wa muda mrefu zaidi unahamisha rangi, kwa hiyo choma kijipande cha majaribio kabla ya kukata shiti nzima, na ujaribu pembe zote za rafu, maana tanuri halina joto moja kila mahali.

Ukungu mweupe juu ya kifuniko ni jambo jingine. Huo ni uso wa kioo kugeuka fuwele, mara nyingi kwa uchafu au kwa kukawia kwenye joto la nyuzi 700 na kitu. Rangi ingali salama chini yake: saga uso kwa pedi ya almasi, osha, kausha, uchome tena.

Utando ulioungua kweli haurudi. Safisha uso, laza juu yake kipande kipya cha daikroiki, upande wenye utando ukitazama juu, funika kwa kioo angavu, na punguza kasi ya kupanda, kwa sababu kazi sasa ni nene zaidi.