Shimo kwenye theluji

Leo nimerudi kutoka hifadhini na aibu kidogo. Niliacha njia nikatize msituni nipate picha nzuri, mara theluji ikapasuka miguuni pangu, akachomoka kwale mmoja wa misitu ya nchi za baridi (grouse), mabawa yakivuma. Moyo ulinipaa!

Nilichungulia alikotoka. Shimo la mshazari, refu kama mkono wangu, na mwisho wake rundo la kinyesi kikavu, mfano wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Ndiyo mabaki ya sindano za msonobari, yaani majani yake membamba, chakula chake cha majira ya baridi. Ni chakula duni, hakimwachii akiba kubwa ya mafuta, kwa hiyo hujifukia humo saa nyingi akitunza joto. Mimi nikamtoa kitandani.

Tunadhani bunduki ikipigwa marufuku ndege amesalimika. Wapi! Watembezi kama mimi tunamchosha bure. Halafu kuna mvua ya katikati ya baridi, hiyo ndiyo naihofia zaidi: theluji inalowa, usiku inaganda juu, na kwale hawezi tena kuchimba.

Picha yenyewe imetoka ukungu mtupu.