Kadi za picha kwa mwanangu

Mwanangu ana usonji na bado haongei. Kinachotusaidia zaidi nyumbani ni kadi za picha: kikombe, ndizi, choo, bembea. Nimezikata kwenye boksi la sabuni na kuzifunika kwa selotepu. Akitaka maji anachukua kadi ya kikombe, ananiwekea kiganjani, nami nampa maji papo hapo. Zamani alikuwa analia na kujigonga kichwa ukutani, sisi tunabahatisha tu anataka nini.

Mbinu hii ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Wengi huniuliza kama haitamfanya mtoto asiongee kabisa. Haimzuii, na wapo watoto walioanza kutamka maneno wakiwa wanaitumia.

Ila jamani, wazazi wenzangu, hakuna dawa ya kuponya usonji. Risperidone, ambayo madaktari huwaandikia baadhi ya watoto, hupunguza hasira na kujiumiza, basi. Yale matone ya klorini dayoksaidi yanayouzwa mitandaoni eti yanaponya usonji ni kemikali ya kupaushia karatasi! Inauma sana kuona mtoto ananyweshwa kitu kile.

Anayetaka kujua kadi ninavyozitengeneza aniandikie, nitamtumia picha zake.