Punje tano za maharage: ninavyowafunza viongozi wa vijiji Kasulu kumsikiliza mwenye kiwewe

Mwenyekiti wa kitongoji, mchungaji, shehe na mzee wa baraza wana ugonjwa mmoja: wakisikia shida, mdomo unafunguka. Kuonya, kuombea na kusuluhisha ndiyo kazi yao. Kwa mtu aliyekimbia vita akabaki na kiwewe, yaani hofu isiyomtoka, kazi hiyo hiyo inaweza kumfunga zaidi, kwa hiyo katika mafunzo ninayoendesha Kasulu, mkoani Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na vijiji jirani, muda mwingi naupeleka kwenye kusikiliza.

Nachukua watu 20 kwa siku tatu mfululizo, katikati ya kiangazi. Mvua zikianza, shamba linawaita na viti vinabaki vitupu. Nikichanganya wenyeji na wakimbizi, au Warundi wa pande mbili za mgogoro wa kwao, wanakuwa kumi kwa kumi. Wakiwa watatu dhidi ya kumi na saba, hao watatu watakubali kila kitu na hawatasema chochote. Wanawake wawe nusu, na wakunga wa jadi wasisahaulike, maana wanajua ya nyumbani kuliko mtendaji wa kijiji. Vibali vya kuingia na kutoka kambini viombwe mapema. Posho nayo itajwe siku ya mwaliko, kwa shilingi kamili. Ikibaki fumbo, siku nzima ya kwanza itakwenda huko. Kabla ya yote naongea na kila mmoja faragha. Aliyefiwa majuzi, au ambaye halali kabisa, namwomba asubiri awamu nyingine.

Viti vinawekwa duara, mlango unabaki wazi, na kiti cha karibu na mlango ni cha yeyote anayekihitaji. Asubuhi ya kwanza tunatafuta maneno. Kiha cha wenyeji na Kirundi vinasikilizana, lakini neno moja linaweza kubeba siasa upande mmoja na lisiibebe upande wa pili, kwa hiyo mkalimani nampitisha kwenye maneno yote siku moja kabla. Lipo neno ihahamuka, la mtu aliyekosa pumzi kwa hofu. Kisha wanataja dalili bila kutaja jina la mtu: kuruka mlango ukibamizwa, jinamizi, kukwepa njia fulani, pombe, hasira, kukaa kama gogo. Atakayesema ni mapepo simbishii. Namuuliza huyo mtu usiku analalaje. Hali ikizidi mwezi na kumzuia kulima, kupika au kulea, apelekwe kituo cha afya. Akitaja kujiua, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Zoezi la kupumua nalifundisha macho wazi. Kufumba macho ndiko kunakowarudisha wengine porini. Nyayo zigandamize sakafu, pumzi iingie kwa hesabu ya nne, itoke kwa sita, mara tano. Anayeanza kutetemeka haguswi. Anaitwa jina lake, anaambiwa hapa ni Kasulu, leo ni siku fulani, ataje vitu vitano anavyoviona.

Siku ya pili ni ya maharage. Wanakaa watatu watatu: msemaji, msikilizaji, mtazamaji. Msemaji anachagua shida ndogo ya wiki hii, kama mbuzi aliyekula mihogo, kamwe si ya vita. Mtazamaji ana punje tano kiganjani. Kila mara msikilizaji akitoa ushauri, mfano wake mwenyewe au “Mungu ana makusudi”, punje moja inashuka chini. Hakemewi, punje inashuka tu. Raundi ya kwanza huisha kabla ya dakika tatu, punje zote chini, na kicheko kinafanya kazi ambayo somo langu lisingeifanya. Raundi ya tatu utasikia: “Pole sana, baba. Halafu ikawaje?” Kisha kimya, na kimya hicho hakijazwi.

Zoezi la kumtaka kila mtu alaze kamba sakafuni na kuweka jiwe kwa kila msiba wa maisha yake mimi silifanyi. Linafaa kwa mtaalamu anayekutana na mtu yule yule mara nyingi. Siku tatu zinafungua kidonda na kukiacha hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataja kazi tatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Hautaki mtu abanwe asimulie.

Siku ya tatu tunachora miti miwili kwenye bango kitita, wa kutoaminiana na wa kuaminiana, mizizi kwanza, yaani visababishi. Kwenye mti wa kwanza hutajwa ugomvi wa kuni, mipaka ya mashamba, uvumi wa wizi. Hapa viongozi wa dini hukimbilia msamaha, nami nawazuia waziwazi. Aliyeumizwa akishinikizwa kusamehe mbele za watu, atasamehe kwa mdomo na kuhama njia asikutane na aliyemuumiza.

Baada ya hapo tunakutana saa mbili kila mwezi, kwa miezi sita. Bila hivyo, kufikia mwezi wa tatu hotuba zinakuwa zimerudi. Kila mmoja ana daftari lisilo na majina: “mama, mara ya pili, nimemsindikiza kwa afisa ustawi wa jamii.” Watakaoandika majina wapo kila awamu, kwa nia njema kabisa, na ukurasa huo tunauchana na kuuchoma palepale, kabla mtu mwingine hajaomba kuuona.