Skrini isiyotii kidole

Huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi nchini Kongo, watoto wanajua filamu kabla hawajajua kuhesabu hadi kumi. Zimo kwenye simu. Mwadi wangu ana miaka minne, na kidole chake kimeshakuwa fundi: kinasimamisha, kinarudisha nyuma, kinaruka wimbo asioupenda. Ndiyo maana nilitamani sana aone sinema yenyewe, ile ya kukaa ukumbini na watu usiowajua, taa zizimwe, picha ianze bila kukuomba ruhusa.

Lubumbashi ya leo si mji wa kusema unatoka tu nyumbani unakuta sinema. Baba yangu, ambaye Mwadi humwita kambo, yaani babu, alikulia kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi, na hachoki kusimulia jioni za filamu kwenye cercle, klabu yao. Filamu zilisema Kifaransa, na mzee mmoja alikuwa akisimama kando kueleza kwa Kiswahili, na kuongeza ya kwake. Baba anaapa kwamba kuna cowboy ambao mpaka leo akiwakumbuka wanaongea kwa sauti ya yule mzee. Sisi wazazi wa sasa inabidi tuvizie: labda Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni pale mjini, wana kitu cha watoto, labda ni mwaka wa biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ya watu wa Picha, chama cha wasanii, walioianza 2008, na kuna video za kutazama.

Safari hii tulipata Halle, Jumamosi mchana, katuni fupi fupi zikifuatana. Hizo fupi ndizo nilizokuwa nikizisubiri. Kumkalisha mtoto wa umri huu saa moja na nusu mbele ya hadithi moja, mimi naona ni kumtesa. Hata watu wazima hawakuanzia huko. Ndugu Lumière walipowaonyesha filamu watu waliolipa kiingilio kule Paris, tarehe 28 Desemba 1895, zilikuwa filamu kumi, na kila moja haikufika hata dakika moja. Kati ya katuni na katuni mtoto anapumua, anauliza maswali yake, anaomba kwenda kukojoa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilizima taa chumbani, nikawasha tochi, tukacheza na vivuli vya mikono ukutani. Nilitaka alijue giza kabla halijamkuta katikati ya watu. Ukumbini tukakaa pembeni kabisa, karibu na njia na mbali na spika. Mwezi wa saba baridi ya Lubumbashi haina huruma, kwa hiyo alivaa sweta mbili.

Taa zilipozimwa alinishika mkono, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akageuka nyuma. Akapiga magoti juu ya kiti, mgongo kwenye skrini, akawa anatazama ule mwanga unaotoka kwenye projekta na vumbi linaloelea ndani yake. Katuni nzima ya kwanza ilipita hivyo. Mama mmoja alinipa ishara nimgeuze. Sikumgeuza. Alikuwa anatafuta picha zinatoka wapi, na hilo ni swali zuri kuliko katuni yoyote. Nilimnong'oneza tu kwamba kila sekunde zinapita picha ishirini na nne, haraka hata jicho haliwezi kuzitenganisha. Sidhani kama alinisikia.

Katuni ya pili alikaa vizuri. Mbuzi akateleza, akaingia mtoni, ukumbi mzima ukacheka.

“Mama, rudisha.”

“Hairudi.”

“Bonyeza.”

“Hapa hakuna wa kubonyeza, mama. Tunaangalia wote pamoja.”

Akatazama ile safu ya watoto, mmoja mmoja, kama anayetafuta nani ameshika simu. Mwanzoni alikuwa akicheka wakati wenzake wameshamaliza, kwanza anawaangalia, ndipo naye anacheka. Baadaye kicheko chake kikawa kinatoka pamoja na cha wengine. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, na simu haiwezi kumpa.

Kifaransa bado hakijui, kwa hiyo nilikuwa namweleza sikioni. Kijana mdogo wa kiti cha nyuma akaingiza kichwa katikati yetu. “Mama, yule anasema nini?” Nikapandisha sauti kidogo. Mara nikaona watoto wengine wawili wamesogea. Nikafanya sauti ya bundi, nikafanya ya bibi kizee. Hakuna aliyeninyamazisha.

Ikaja ya radi na msitu, Mwadi akasema anataka kutoka. Tukatoka. Nimewasikia wazazi wakimwambia mtoto “kaa, ni filamu tu”, lakini moyo wake haupigi “filamu tu”, unapiga kweli. Tulikaa nje juani, tukala karanga, na aliyesema turudi ndani ni yeye mwenyewe.

Nyumbani alimsimulia kambo yake katuni zote zikiwa zimechanganyika: mbuzi ndani ya msitu wa radi, bundi akimtoa mtoni. Baba hakusahihisha kitu. Kila Mwadi akinyamaza, yeye anauliza, “Halafu?”

Nawaandikia hasa wazazi wa mitaa yetu ya Lubumbashi: Katuba, Kenya na Kamalondo. Parokia yetu ina projekta wanayotumia kwenye mafundisho ya ndoa, na ukuta wa ukumbi ni mweupe. Nimeshaomba ukumbi kwa Jumamosi moja kabla likizo haijaisha. Jirani ametoa jenereta, maana umeme wetu hauaminiki. Bado natafuta katuni fupi zinazofaa watoto wadogo, na mtu mmoja mwenye sauti nzuri, asiyeona haya kusimama kando akaeleza kwa Kiswahili. Kama ni wewe, au unamjua, njoo tuongee.