Georgia ipi? Usiku wa Februari 12, 2010

Ijumaa ile, chumba cha habari Dar es Salaam, ukurasa wa michezo ulikuwa umeshafungwa zilipoanza kuingia taarifa za mashirika kutoka Kanada. Mwanamichezo mmoja wa Olimpiki ya majira ya baridi alikuwa amekufa mazoezini, saa chache kabla ya ufunguzi. Kwetu ilikuwa usiku, Vancouver, mji mwenyeji, bado mchana. Tukaufungua ukurasa upya.

Taarifa ilianza na neno "Georgian". Kijana wa zamu ya tafsiri akaandika kichwa: "Mwanamichezo wa Georgia, Marekani, afariki". Kosa lile lilikuwa na mizizi. Katika dawati la michezo, Georgia tuliyoizoea ni jimbo lenye Atlanta, mji ulioandaa Olimpiki ya 1996.

"Dada, si ndiyo ileile?"

"Hebu soma jina la marehemu."

Nodar Kumaritashvili, miaka 21. Kiishio "-shvili" maana yake mtoto, na mwenzake ni "-dze", mwana. Ndivyo walivyoitwa Saakashvili, aliyekuwa rais wa nchi ya Georgia wakati huo, na Shevardnadze aliyemtangulia. Lakini jina peke yake halitoshi, maana mwenye jina hilo anaweza kuwa raia wa nchi nyingine kabisa. Tukatafuta alikotoka na timu aliyoichezea: Bakuriani, mji wa theluji katika milima ya Kaukasi, timu ya taifa. Kisha picha ya bendera: nyeupe, msalaba mkubwa mwekundu katikati, na mingine midogo minne, mmoja kila pembe. Hapo shaka ikaisha.

Mtego wa pili ulikuwa kwenye ramani. Maji yaliyo mbele ya Vancouver yanaitwa Mlangobahari wa Georgia, kwa heshima ya mfalme George wa 3 wa Uingereza. Jimbo la Marekani lilipewa jina la George wa 2. Nchi ya Kaukasi haihusiki na wafalme hao hata kidogo. Wenyewe huiita Sakartvelo. Tuliuondoa mlangobahari kwenye habari, maana msomaji angekutana na Georgia mbili katika aya moja ya msiba.

Kwenye foleni ileile kulikuwa na habari fupi ya nyumba inayouzwa London, nayo ni "Georgian". Ilikuwa imetafsiriwa "nyumba ya Kigeorgia". Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye habari yote, kwa sababu kiambishi ki- chetu kina nguvu. Ukisema nyumba ya Kiswahili, kila mtu anaiona: korido katikati, vyumba vikitazamana. Basi nyumba ya Kigeorgia itampeleka msomaji Tbilisi, mji mkuu wa nchi ya Georgia, moja kwa moja. Kumbe inayosemwa ni ya enzi za wafalme wanne walioitwa George, 1714 hadi 1830: matofali, mlango katikati, madirisha sawa kulia na kushoto, kioo cha nusu duara juu ya mlango. Tukaandika "nyumba ya enzi za wafalme George".

Kiingereza kinamruhusu mwandishi aache neno moja libebe yote. Kiswahili kinadai uamue kwanza: Mgeorgia ni mtu, Kigeorgia ni lugha au mtindo, na "ya Georgia" haijasema ni ipi. Hiyo ya mwisho ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa inaonekana sahihi na hakuna anayeishtukia. Palipotajwa gavana, seneta au kaunti, tuliandika "jimbo la Georgia, Marekani"; palipotajwa waziri mkuu, Bahari Nyeusi au Urusi, "nchi ya Georgia". Neno "nchi" au "jimbo" liwepo mara ya kwanza, hata kama nafasi ya kichwa inabana.

Mchezo wenyewe pia ulihitaji maneno. "Luji" peke yake isingemsaidia mtu wa Tandika, tukaongeza: kuteleza kwenye njia ya barafu juu ya kigari, umelala chali, miguu mbele. Kwenye kona ya mwisho Kumaritashvili alirushwa nje ya njia akagonga nguzo ya chuma.

Ufunguzi ulianza alfajiri kwa saa zetu. Picha ilionyesha timu yake ikiingia na vitambaa vyeusi mikononi, na utepe mweusi kwenye bendera. Kijana ndiye aliyeandika maelezo ya picha: "Wanamichezo wa nchi ya Georgia wakiomboleza mwenzao."