Pawa saplai nzuri hufa peke yake

Mpaka jana, mezani kwangu kulikuwa na pawa saplai nne zilizovuliwa vifuniko, yaani vile visanduku vya ndani ya kompyuta vinavyogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo. Nilizipanga kwa uzito, kutoka nyepesi mpaka nzito, ingawa mwanzoni sikuwa na mpango huo. Nilikuwa nazisogeza tu nipate pa kuweka kikombe, mkono ukaanza kuniambia mambo ambayo lebo zilikuwa zinanificha. Ile nyepesi kuliko zote imeandikwa wati 500. Inayoizidi uzito karibu mara mbili imeandikwa wati 450.

Hiyo nyepesi ndiyo iliyoniingiza kwenye habari hii yote. Ni ya shemeji yangu. Alinipigia simu akasema kompyuta inajizima kila akifungua mchezo, na kwa kuwa mimi ndiye fundi wa ukoo (cheo nilichopewa bila kuomba, tena hakina mshahara), ikaletwa kwangu. Nikashuku kila kitu isipokuwa chenye kosa. Nikabadilisha RAM. Nikafuta mfumo wote nikauweka upya. Nikasafisha prosesa na kuipaka upya dawa ya kupitishia joto. Siku ya tatu ndipo nilipochomeka ncha za multimita kwenye waya wa njano, ule wa volti 12, na mweusi, ule wa kurudishia umeme, nikamwambia afungue huo mchezo wake. Kompyuta ikiwa imetulia, mita ilisoma 11.9. Mchezo ulipoanza ikashuka hadi 11.2, kioo kikawa cheusi.

Kiwango cha ATX, yaani kanuni za namna pawa saplai na madabodi zinavyotakiwa kuwa, ambacho Intel walikitoa mwaka 1995 na kinafuatwa hadi leo pamoja na masahihisho yake, kwa miaka mingi kiliruhusu waya wa volti 12 kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu. Yaani usiende chini ya 11.4 wala juu ya 12.6. Jibu nilikuwa nalo mkononi. Nikamwambia, "Shemeji, pawa saplai imechoka, tafuta nyingine." Halafu nikafanya kosa ninalolijutia mpaka leo: nikamwachia aendelee nayo kwa kazi ndogondogo mpaka mwisho wa wiki. "Usicheze tu," nikasema, kana kwamba mchezo ndio uliokuwa mgonjwa.

Wiki haikuisha. Ilipasuka kama puto, ikatoa harufu ya kuchoma pua, na ikaondoka na madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, pamoja na diski. Diski ndiyo iliyouma. Ilikuwa na picha za mwanawe tangu siku aliyozaliwa, na nakala nyingine hakuna.

Sasa tazama ile nzito iliyo mwisho wa meza. Hiyo ni yangu mwenyewe, imenitumikia miaka kumi na moja. Asubuhi moja nilibonyeza kitufe, kimya. Hapakuwa na mlio wala harufu. Nilifunga nyingine, kompyuta ikawaka na kila faili likawa mahali pake. Nilipoifungua nikakuta sehemu iliyokufa ni ule mzunguko mdogo wa volti 5 unaobaki macho hata kompyuta ikiwa imezimwa, ule unaosubiri kitufe kibonyezwe. Vilivyobaki vyote vilikuwa vizima. Tangu hapo mtu akiniuliza pawa saplai ipi ni bora, mimi humuuliza kwanza anataka ife vipi. Maana zote zitakufa.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenye mikono myepesi: usifungue. Kapasita, kile kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme, ile kubwa ya upande wa kuingilia umeme huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi nina vifaa vya kuimaliza chaji yake, na bado jasho hunitoka. Karibu yote unayohitaji kujua unaweza kuyapata nje ya kasha, ukianza na lebo.

Lebo ya ile ya shemeji ni kichekesho ukiwa na kalamu. Volti 3.3 kwa ampia 24, volti 5 kwa ampia 30, volti 12 kwa ampia 16, halafu vijisehemu viwili vya mwisho, volti 12 hasi kwa ampia 0.5 na ule umeme wa kusubiri wa volti 5 kwa ampia 2. Zidisha kila mstari, jumlisha vyote: wati 437. Hata ukihesabu kwa moyo mkunjufu namna hiyo, kana kwamba waya zote zinaweza kutoa kiwango cha juu kwa wakati mmoja, hufikii 500 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Na hesabu yenyewe haina maana, kwa sababu kompyuta ya leo hula karibu chakula chake chote kwenye volti 12. Prosesa na kadi ya michoro vyote viko huko. Ampia 16 mara volti 12 ni wati 192. Hiyo ndiyo pawa saplai aliyokuwa nayo shemeji, zilizobaki zilikuwa wino.

Ile ya wati 450 iliyo ya pili mezani imeandikwa ampia 36 kwenye volti 12. Hizo ni wati 432. Mtengenezaji wa namna hiyo anakuambia ukweli, na ndiyo maana mstari wa volti 12 ndio wa kwanza ninaousoma. Wati za jumla nazisoma baadaye, nikikumbuka.

Kuna sababu nyingine ya 11.2 kuonekana kwenye mita, na hii inanivutia kuliko zote. Katika pawa saplai za mtindo wa zamani, volti 12 na volti 5 hutoka kwenye koili moja (waya uliozungushwa) na kusimamiwa kwa pamoja. Mdhibiti anaangalia wastani wao, kama mtu anayeendesha ng'ombe wawili kwa kamba moja. Ukivuta sana upande wa 12 na kidogo upande wa 5, wa kwanza anashuka, mwenzake anapanda, naye mdhibiti anaona wastani uko sawa na kutulia. Mtindo huo uliziweza kompyuta za miaka ya tisini, ambazo zilikula zaidi volti 5. Kwa za leo ni balaa. Pawa saplai za kisasa huzalisha volti 12 peke yake, kisha vibao viwili vidogo hukata kutoka humo volti 5 na 3.3, kila kimoja kikijisimamia. Kwenye ya tatu unaviona kabisa, vimesimama wima. Niliipima kwa mchezo uleule: 12.05 ikitulia, 12.01 ikifanya kazi.

Ila multimita ni shahidi mwenye macho hafifu. Inakupa wastani, haikuonyeshi viwimbi vinavyopita juu ya huo umeme maelfu ya mara kwa sekunde. ATX inaruhusu viwimbi vya milivolti 120 kwenye volti 12, na 50 kwenye volti 5 na 3.3. Rafiki yangu mwenye osiloskopu, chombo kinachochora umeme unavyopanda na kushuka, alinisaidia kuzipima zile mbili zilizo hai: ya pili ilitoa 62, ya tatu 18. Zote ziko ndani ya kiwango. Lakini kila kiwimbi ni kazi ya ziada kwa kapasita za madabodi na za kadi, nazo huchoka kabla ya siku zake. Na wale wanaounganisha waya wa kijani, ule wa kuiamuru iwake, na mweusi kwa kipande cha waya wa kubania karatasi, wakaona feni inazunguka na kutangaza kwamba pawa saplai ni nzima, wamethibitisha kwamba feni inazunguka.

Tuje kwenye beji inayobandikwa kwenye boksi. 80 PLUS ilianza mwaka 2004, na watu wengi wanaisoma kama vyeo vya jeshi: Bronze ni koplo, Gold ni meja, Titanium ni jenerali. Kinachopimwa pale ni ufanisi, yaani kati ya umeme unaochotwa ukutani, ni kiasi gani kinafika kwenye kompyuta na kiasi gani kinageuka joto. Kwa umeme wa volti 115, Bronze inatakiwa ifikishe asilimia 82 ikibeba asilimia 20 ya uwezo wake, 85 ikibeba nusu, na 82 ikibeba wote. Gold ni 87, 90 na 87. Viwimbi havimo kwenye mtihani huo. Ulinzi haumo. Kelele hazimo. Na mtihani hufanywa kwenye hewa ya nyuzi 23, wakati ndani ya kasha lililobanwa chini ya meza joto huzidi hapo.

Hata hivyo siipuuzi beji. Kompyuta inayotaka wati 300 itachota ukutani wati 353 kama ufanisi ni asilimia 85, na 333 kama ni 90. Tofauti ya wati 20 kwenye bili ni ndogo. Lakini angalia zinakoishia: pawa saplai ya kwanza inajipikia ndani wati 53 za joto, ya pili 33. Kapasita zenye kimiminika ndani zina kanuni yake, kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10 umri wake huongezeka karibu mara mbili. Hapo ndipo Gold inaponishawishi. Inazikausha kapasita zake polepole zaidi.

Kuhusu kapasita zenyewe, utasikia watu wakisema "za Kijapani" kama wanaapa. Nippon Chemi-Con, Rubycon, Nichicon, ni majina yenye heshima. Ila mimi kwanza naangalia zimeandikwa nyuzi 85 au 105, yaani joto zinaloweza kulihimili. Ya shemeji ina kapasita mbili kubwa za volti 200 zilizofungwa mfululizo, ganda limeandikwa maikrofaradi 470, kipimo cha chaji zinayoweza kuhifadhi. Niliitoa moja nikaipima, ikasoma 310. Sijui niseme imezeeka au ilizaliwa hivyo.

Kapasita hizo kubwa ndizo zinazobeba kompyuta umeme unapokatika kwa kufumba na kufumbua. Kwa miaka mingi ATX ilitaka pawa saplai ishikilie angalau milisekunde 16 baada ya umeme kutoweka. Ni muda mfupi, lakini ndio UPS nyingi za kawaida, zile betri za akiba, hutegemea zinapohamia kwenye betri. Mtu ananunua UPS, kompyuta bado inajizima umeme ukikatika, anailaumu UPS. Mara nyingine mwenye deni yuko ndani ya kasha.

Majina ya kwenye boksi hayanisaidii sana. Kampuni nyingi zinazouza pawa saplai hazizitengenezi. Zinaagiza kutoka kwa watengenezaji kama Seasonic, Super Flower, CWT, FSP au Delta, kisha zinabandika jina lao. Jina moja linaweza kuwa na toleo la kusifiwa na toleo la kukimbiwa, vyote vimepakwa rangi ileile. Kwa hiyo nalinganisha toleo kwa toleo, na natafuta aliyeifungua na kuipima mpaka ikajizima. Kama hakuna aliyewahi kuifungua, naiacha dukani.

Na waya za kuchomoa, jamani, zile zinazochomekwa kwenye pawa saplai badala ya kulehemiwa humo. Upande wa pawa saplai hakuna kiwango cha pamoja. Plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na bado volti 12 ikawa imekaa pale diski inapotegemea 5. Niliwahi kukaribia kufanya hivyo, waya ulikuwa mweusi kama wenzake, urefu uleule. Kilichoniokoa ni kwamba nilipiga mita kwanza, na nilipiga mita kwa sababu nilikuwa namsubiri mtu na sina la kufanya. Sasa kila pawa saplai ina mfuko wake wa waya wenye jina.

Shemeji alikuja jana kuchukua kompyuta. Nimemfungia ya tatu, na nimemwekea diski ya pili kwa ajili ya nakala za picha zitakazopigwa kuanzia sasa. Akaishika ile yake ya zamani mkono mmoja, na ile yangu iliyokufa mkono mwingine, akazipima kama mtu anayechagua tikiti.

"Hii mbona nyepesi hivi? Humu ndani hamna kitu?"

Nikamwonyesha mahali umeme unapoingilia. Pale panapaswa kuwa na koili za kuchuja, na varista, kile kidude cha duara kama kifungo kinachomeza umeme ukiruka ghafla. Kwenye ubao mahali pake pamechapishwa kabisa, duara limechorwa, na L1, alama ya koili, imeandikwa kwa rangi nyeupe. Juu ya L1 pamelehemiwa kipande cha waya kilichonyooka, kutoka tundu moja hadi jingine. Na pa varista pamebaki matundu mawili matupu.

Akainama akaangalia muda mrefu. "Kwa hiyo walijua," akasema.