Nilivyompeleka binti yangu kuona potwe Mafia wakati wote wawili kuogelea ni kwa kubahatisha

Naandika hii kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaoambiwa kisiwa cha Mafia sio cha watoto, wakati potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa asiyeng'ata mtu, yuko huko. Mi niliambiwa hivo na kila mtu, ofisini, mtaani, mpaka fundi friji. Nenda Zanzibar bwana kuna mabwawa ya kuogelea, Mafia hakuna kitu, ni ya wazungu wa kuzamia na mitungi, halafu bila ndege hufiki. Nikawauliza mmoja mmoja, umeshawahi kufika Kilindoni, mji wenyewe wa Mafia? Hakuna hata mmoja.

Ila aliyeniudhi kuliko wote ni jamaa mmoja anayeuza safari, alinihakikishia kwamba mwezi wa 12 nitaona vitoto vya kasa vinatoka mchangani kisiwa cha Juani na potwe pia, kwa bei moja, nitume advansi leo leo. Bahati nina mtu Utende, kijiji cha huko huko Mafia, nikampigia, akacheka kwanza ndo akanijibu. Kasa wa Juani wanaanguliwa zaidi kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 hivi, potwe msimu wao ni wa 10 mpaka wa 3. Likizo ya Desemba ni ya potwe, basi. Anayekuuzia vyote viwili mpe pole yake uendelee na mambo yako.

Sasa tatizo ni sisi wenyewe. Binti yangu ana miaka 9, anaelea kidogo. Mimi nimekulia Tabora, maji niliyoyazoea utotoni yalikuwa ya ndoo. Na potwe humwangalii ukiwa kwenye boti, unaweza ila hufaidi, unaona kivuli na pezi tu. Lazima uingie na ile maski na mrija wa kupumulia, na mtoto ambaye hajawahi kupumua kwa mdomo akiwa na uso ndani ya maji atapaniki, hilo nilikuwa na uhakika nalo kwa sababu mi mwenyewe nilijaribu Kigamboni nikanywa bahari.

Nikanunua maski ya mtoto Kariakoo (ya mtoto jamani, za kukodi nyingi ni za watu wazima) nikaja na mbinu yangu. Beseni kubwa la kufulia, maji nusu, juu ya stuli uani. Nikatupa sarafu chini, za 50, za 100, za 200, namwambia weka uso humo unihesabie jumla ya pesa kwa sauti kupitia huo mrija. Mtu akiongea kupitia mrija hawezi kupumulia pua, ndo siri yote hiyo! Jioni ya kwanza alikuwa anainua kichwa kila baada ya sarafu mbili, baadae akawa anatulia huko mpaka namgonga bega. Nikaongeza ugumu, natikisa beseni kama kuna mawimbi, kisha namwaga kikombe cha maji ndani ya mrija ajifunze kuyapuliza nje, pfuuu, yananirukia mimi usoni. Jirani akachungulia ukutani akaona nimesimama na kikombe juu ya mtoto kapiga magoti uso ndani ya beseni. "Baba, huyo mtoto kakosa nini?" Mpaka leo ananiangalia vibaya.

Safari yenyewe sio ngumu kama wanavyosema. Basi la Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, pale unapanda kivuko mpaka Kilindoni, unapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji kabla ya kuingia bahari yenyewe. Shangazi alishauri mtoto ashibe vizuri chai ya maziwa na maandazi asije akaumwa njaa majini. Hayo maandazi tuliyaona tena. Tangawizi na muhogo mkavu, ushauri mwingine wa chakula cha baharini sina.

Siku ya kwanza ya potwe ilikuwa hasara tupu. Tuliungana na vijana wa chuo tukagawana boti, tukazunguka asubuhi nzima mbele ya Kilindoni, hakuna kitu. Nikasema basi tuingie hata kufanya mazoezi, na maski ya binti ikaanza kuvuja. Kapteni akasema kaza mpira. Nikakaza. Ikavuja zaidi. Akasema kaza tena, mtoto macho yakawa mekundu, alama ya duara usoni, analia, nikawaza na sarafu zote zile za beseni bure.

Jioni mama mwenye gesti akamshika kichwa tu akasema, "Baba, maji yataachaje kuingia wakati shanga zote zimekaa chini ya mpira?" Yaani binti alikuwa na mistari inayokuja mbele, shanga mpaka kwenye paji la uso, na ile ngozi laini ya maski ikikaa juu ya unywele haishiki, sembuse shanga. Kukaza kunazidi kuiinua. Akakaa nae kibarazani usiku huo, akafumua, akasuka upya yote kwenda nyuma, paji la uso likabaki wazi kabisa. Kapteni ana miaka yote hiyo baharini na hajui hilo, ila nae hana nywele, tumsamehe.

Kesho yake nikatumia akili. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye boti nilienda kwanza ufukweni wanakoshusha dagaa, nikawasalimia wazee pale, shikamoo nyingi, nikanunua dagaa nisiowahitaji, nikauliza mmewaona wapi. Maana potwe wanafuata vijidagaa na uduvi, na anayejua vilipo ni aliyekesha navyo kwenye nyavu, sio anayekaa kwenye kaunta ya hoteli. Mzee mmoja akanionyesha kwa mkono, pale, usawa wa mtumbwi ule mweupe. Haikuchukua hata nusu saa.

Msitegemee maji ya kioo kama ya Instagram. Pale maji ni ya kijani, yana ukungu, na ndo maana potwe wapo, huo ukungu ndo chakula. Kapteni anasema ruka ruka ruka, unaruka, huoni kitu. Tulishika boya wote wawili, muongozaji wa boti anatuvuta, naangalia kijani tu, halafu kijani kikaanza kuwa na madoa meupe. Ukuta wenye madoa unapita, unapita, hauishi. Mdomo wazi, upana wake binti angejikunja humo akaenea, na vijisamaki vinaogelea mbele ya mdomo bila wasiwasi wowote. Kapteni alikadiria mita 6, akasema huyo bado kijana, wakikua wanavuka 12. Mimi nilisahau kupumua. Binti yangu nikamsikia kwenye mrija anaongea, kumbe anahesabu madoa!

Hayo madoa watafiti wanayapiga picha ubavu wa kushoto nyuma ya mashavu, kila potwe ana mpangilio wake, ndo wanavyowatambua. Kumgusa hapana, kumkatia njia mbele hapana, na mkia ukae nao mbali, sio mkali ila ukikupitia utajuta. Mtoto mvalishe taitsi na fulana ya mikono mirefu, kuna vidudu humo majini vinawasha.

Upande wa Utende ni ndani ya hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini hiyo, tangu 1995, unalipia getini, sisi raia sio hela ya kutisha. Huko maji ni masafi. Tuliona kasa anakula majani chini taratibu, kila akipanda kuvuta hewa binti anampungia mkono. Kuna viti vya pweza vyekundu (wale viumbe wenye umbo la nyota) kwenye mchanga maji yakitoka, msivitoe nje kupigia picha. Ukivuka kwenda kisiwa cha Chole kuna popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, binti aliwapenda karibu kuliko potwe, kitu ambacho kiliniuma kidogo ukizingatia bei ya boti.

Maana boti ndo inakula pesa, mkiungana watu sita saba inavumilika, ukienda peke yako ni laki kadhaa zinaondoka. Kivuko na gesti ni hela ya kawaida. Na kama mtoto ana mistari yenye shanga fumua kabisa nyumbani, pale gesti ilinigharimu kilo mbili za sukari na dagaa wote niliowanunua.